Fundi wa Vibao wa Rinkeby

Mlangoni kwa Fundi kulikuwa na kandambili za plastiki za kila saizi, na hakuna aliyevuka kizingiti bila kuzivaa. Anayeishi Stockholm anajua sababu hata asipoambiwa. Wakati wa barafu manispaa humwaga changarawe njiani ili wazee wasianguke, nayo changarawe hiyo huingia kwenye soli za viatu na kukaa humo mpaka majira ya joto. Punje moja tu ikifika mezani chini ya stika ya kibao, herufi inaota kipele ambacho hakitapona. Mara ya kwanza nilipofika pale nilijaribu kujitetea, kwamba viatu vyangu ni vya ngozi, vimepigwa rangi, na kwamba nimekuja kwa dakika chache tu.

"Profesa," aliniambia bila kuinua kichwa, "kule chuo unaweza kuingia na viatu. Hapa iko hospitali."

Sikuwa profesa wala sijawa mpaka leo. Nilikuwa na shahada ya pili, tasnifu iliyosomwa na watu watatu (mmoja wao mimi), na kazi ya nusu siku maktaba. Lakini jina lilinikaa, na kwa kuwa lilikuwa zuri kuliko hali yangu, sikulikataa.

Yeye mwenyewe hakuna aliyemwita kwa jina. Wakongo wenzake wa Bukavu walimwita Fundi, na Warundi na Wanyarwanda vivyo hivyo. Wakenya walioanza mazungumzo kwa Kiingereza walikuwa wamefika kwenye "Fundi" kabla ya kumaliza kueleza wanachotaka. Wenye maduka wa Kiswidi walidhani ndilo jina lake la ukoo, nami nimewahi kuona bahasha iliyoandikwa kwa heshima zote "Bwana Fundi". Hakuwasahihisha. Alisema mtu akikuita kwa kazi yako amekukumbuka vizuri.

Duka lake lilikuwa chini ya jengo la ghorofa huko Rinkeby, katika chumba kilichowahi kuwa cha kufulia nguo. Hakikuwa na dirisha, na mtu mwingine angelalamika. Fundi alikisifu kama mtu anayesifu shamba. Hakuna jua la kufifisha stika, kuna joto la kutosha mwaka mzima, na sakafu ina tundu la kupitisha maji. Alikuwa pale kila alasiri. Asubuhi alikuwa Märsta, akifanya usafi upande wa uwanja wa ndege, na hilo ndilo lililomkera miaka ile yote. Alitaka kitu kimoja tu na alikisema hadharani, kanisani, sokoni, hata kwa wateja waliokuja kuulizia bei ya stika ya mlangoni: duka limlishe yeye na watu wake, aache ule usafi wa Märsta. Hakudharau usafi. Alisema tu kwamba mtu anayefanya kazi mbili hana hata moja.

Niliingia katika maisha yake kwa sababu ya kibao cha jumuiya yetu. Nilikuwa katibu, na kwa hiyo nilikuwa nimetunga jina, nalo lilikuwa na maendeleo, utamaduni, mshikamano, wazungumzaji wa Kiswahili, Stockholm na vitongoji vyake. Fundi alilisoma lote kwa sauti, akapumzika katikati, akaniuliza kama kuna mistari mingine nyumbani. Kisha akaliandika kwenye karatasi kwa kipimo cha kibao, akalibandika ukutani nje, akanipeleka ng'ambo ya barabara kwenye kituo cha basi na kuniambia nisome. Nilisoma bila kukosea. Akasema mimi sihesabiki, kwani hata gizani ningelisoma, nimelizaa mwenyewe. Akamwomba mama mmoja aliyekuwa akisubiri basi. Yule mama alifika kwenye "maendeleo" basi likaja. Kibao kilitoka na maneno mawili. Watu wakatuona, wakaja, na nasikitika kusema kwamba kuonekana hakukuifanya jumuiya kuwa bora.

Wengi walitaka kuanzisha duka kama lake. Walimwona akikaa kwenye kiti huku mashine ikikata herufi yenyewe, wakadhani kazi ndiyo hiyo. Fundi hakuwafukuza, na hakuwaficha kitu pia, maana alipenda mno kusikilizwa. Aliwakalisha na kuwauliza watanunua nini kwanza. Wote walisema mashine. Wote walikosea.

Kwanza meza. Iwe kubwa kuliko kibao kikubwa utakachotengeneza, ifike kwenye mkanda wa suruali yako wewe, si wa jirani yako, na uweze kuizunguka pande zote. Baada ya meza, rula ya chuma ndefu na visu vyenye ncha za kuvunja, na usiwe bahili wa ncha. Kisu butu hakikati stika, kinaiburura. Ndipo ije mashine ya kukata. Iliyotumika si mbaya, ila usitazame rangi yake. Tazama magurudumu yanayovuta stika, na ule ukanda ambao kisu hupita juu yake kama haujachimbika. Kisha iambie ikate duara dogo. Duara likifunga pale lilipoanzia, lipa uondoke. Likiachana hata unywele, mshukuru mwenye nayo na umpe mkono wa kwaheri.

Kazi ya kuondoa mabaki ya stika katikati ya herufi aliiita kuchambua, kama wanavyochambua sombe, yale majani ya muhogo, na alisema mtu asiye na subira ya mboga asiguse vibao.

Kuhusu printa kubwa, zile zinazochapa picha kwenye turubai, msimamo wake ulikuwa mmoja. Usinunue. Wapelekee wenye nayo wakuchapie.

"Ile mashini iko ng'ombe ya maziwa," aliwaambia. "Usipomukamua kila siku anagonjwa. Wino inakauka kwa pua yake, njo unaanza kulipa munganga. Weye uko na kazi ya kila siku? Haiko. Basi, acha ng'ombe kwa wenye ng'ombe."

Maneno yenye busara, na niliyarudia mbele za watu kana kwamba ni yangu. Halafu siku moja nikamkuta anasoma kitu ndani ya jalada la Biblia, macho yamelainika, nikasogea kwa adabu nikitegemea Zaburi. Ilikuwa katalogi ya printa. Alikwenda kila maonyesho ya mashine yaliyofanyika mjini, akazunguka printa hizo akizigusa mabega, akauliza maswali mpaka wauzaji wakampa kahawa, akarudi Rinkeby kuwakataza wengine.

Utata wa namna hiyo alikuwa nao mwingi. Alichukia herufi za mapambo zenye mikia na vivuli. Alisema kivuli ni cha mtu aliyekosa cha kusema. Gari lake dogo jeupe lilikuwa na herufi zenye mikia, zenye vivuli, na nyota pembeni. Nilipomkabili alisema zile ni za mapenzi, hizi nyingine ni za kazi. Alihubiri kwamba fundi haazimishi vifaa, na kila nilipomtembelea alikuwa akitafuta kifaa alichomwazima mtu. Unyenyekevu hakuwa nao. Ukimsifu alikubaliana nawe na kuongeza mambo uliyoyasahau.

Kutembea naye mjini ilikuwa adhabu. Hakuona maduka, aliona kingo. Angesimama mbele ya duka la maua, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye herufi ya mlangoni, na mwenye duka akamtazama kwa ndani huku mimi nikijifanya nasoma bei za waridi. Alinifundisha kwamba stika ni za aina mbili. Nene ya bei ndogo inafaa matangazo ya mauzo na vitu bapa visivyo na maisha marefu. Baada ya muda husinyaa, gundi hubaki nje kwenye kingo, vumbi hushika pale. "Ukiona herufi iko na wanja nyeusi," alisema, "jua mutu alipunguza gharama." Ile nyembamba ya gharama ni ya magari, ya mikunjo na ya miaka. Tangu hapo siwezi kupita mbele ya kinyozi bila kutazama kama herufi zake zimepakwa wanja. Nimesoma nadharia nyingi za kutazama. Hii tu ndiyo imenibakia.

Mbao alizikataa kwa vibao vya nje, kwani theluji ikiyeyuka hunywewa na kingo, na kibao huvimba kama mkate kwenye chai. Yeye alitumia bati la alumini lenye plastiki katikati. Skrubu ziwe zisizoshika kutu, na tundu liwe kubwa kidogo kuliko skrubu, kwa sababu bati hurefuka wakati wa joto na kurudi wakati wa baridi, na ukilibana litajikunja kwa hasira. Na baridi ikishaingia, usibandike chochote nje. Gundi nayo hulala. Bandika ndani, kwenye joto, kisha toka na kibao kizima ukakifunge. Lakini sheria iliyo juu ya zote ilikuwa ya usafi. Maji na sabuni, kisha kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha spiriti, kisha usiguse tena kwa mkono, kwa kuwa hata kidole safi kina mafuta.

Hilo la mafuta ndilo lililotaka kummaliza.

Fundi aliimba besi katika kanisa la Wakongo lililokuwa likihama kutoka ukumbi mmoja wa kukodi hadi mwingine. Aliamini maombi na aliamini spiriti, na hakuona ugomvi baina yao. Hatimaye kanisa likapata ukumbi wa kudumu Spånga, karibu na kituo cha treni, na kibao chake kikawa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Ukubwa haukuwa jambo lenyewe. Siku ya ufunguzi wangekuja wachungaji wa makanisa mengine, ya Wakongo, ya Warundi, ya Wanyarwanda, ambayo mengi yalikuwa na karatasi iliyofungwa kwa tepu mlangoni. Kama kibao kitapendeza, kazi zingemfuata mwenyewe, na Märsta ingekuwa habari ya zamani. Alilijua hilo, mkewe alilijua, na waimbaji wote wa besi walilijua.

Siku iliyotangulia ile ya kubandika aliandaa bati kwa utaratibu wake wote, akaliacha mezani, akaenda Märsta, ambako siku ile zamu yake ilihamishiwa alasiri. Sasa, katika kanisa lile kitu hakiingii katika nyumba ya Mungu bila kuombewa na kutiwa mafuta. Viti vilitiwa, vipaza sauti vilitiwa, hata mashine ya kahawa ilitiwa. Mchungaji na akina mama wa maombi walishuka Rinkeby alasiri, mke wa Fundi akawafungulia, wakavaa kandambili bila kunung'unika, wakaliombea bati kwa machozi. Kisha wakalipaka mafuta ya zeituni kutoka pembe hadi pembe. Na kwa kuwa walikuwa watu wasafi, walichukua kitambaa wakalifuta vizuri, ling'ae.

Lilikuwa linang'aa Fundi alipoingia kesho yake. Mkewe alidhani Mchungaji amemwambia. Mchungaji alidhani mke wa Fundi amemwambia. Fundi alitazama ule mng'ao akadhani ni wake, akajisifu kidogo, akabandika.

Jumapili ile ya ufunguzi ilikuwa ya majira ya machipuko, yenye jua kali. Tulisimama nje, kwaya imeshaimba, mgeni kutoka Märsta, mchungaji mnene mwenye sauti ya tarumbeta, anatoa salamu. Nikaona macho ya watu yanapanda. Herufi ya kwanza ilikuwa imeinua pembe. Kisha jirani yake. Jua lilipozidi, ziliinama mbele polepole, moja baada ya nyingine, kama watu wanaosinzia kwenye mkutano.

"Mnaona?" alisema yule mgeni. "Mahali hapa hata maandishi yanasujudu."

Watu walicheka, na kicheko kile kingeweza kupita. Lakini nyuma yangu nilisikia wawili wakinong'ona kwamba si ishara njema, na wengine wakiulizana kibao ni kazi ya nani. Fundi aliimba besi mpaka mwisho. Hakutazama juu hata mara moja.

Jumatatu alipanda ngazi, akasugua bati kwa kidole gumba, akakinusa. Alishuka akaenda moja kwa moja kwa mkewe, na mambo yakajulikana. Alinipigia simu alasiri nami nikaenda na ushauri wangu. Nilipendekeza waraka mfupi kwa makanisa yote, kwa lugha mbili, ukieleza kwa upole athari ya mafuta kwenye gundi. Nilikuwa tayari kuuandika.

Alikataa kwa kichwa.

"Profesa. Miye niseme mafuta ya Pasta iliharibu kibao ya Mungu? Hata kama iko kweli, nani atakuja kununua kwangu? Na nikinyamaza, nani atakuja?"

Waraka wangu haukuwa na aya ya hilo. Aliniomba nimpeleke kwa Mchungaji kwa gari langu, kwa sababu lake, alisema, lina nyota nyingi kwa safari ya huzuni.

Mchungaji alitupokea kwa chai. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, na ilionekana hakulala vizuri. Naye pia alikuwa amesikia habari ya ishara. Nilitegemea Fundi ajieleze. Badala yake aliuliza kuhusu kubarikiwa kwa watoto.

"Pasta, mutoto munamubariki wakati gani?"

"Akisha kuzaliwa."

"Haiko akiwa ndani ya tumbo?"

"Tunamuombea mama yake. Mutoto tunamungoja."

"Basi kibao yetu ilikuwa bado kuzaliwa," Fundi alisema. "Ilikuwa bati tu. Muliibariki mbele ya wakati."

Mchungaji alitazama vidole vyake.

"Ni yale mafuta?"

"Ni miye. Fundi anasafisha bati mbele ya kubandika, hata kama alisafisha jana. Niliona inang'aa, nikapenda kazi yangu sana."

Nilikaa na kikombe changu nikifikiri kwamba sijawahi kumsikia akikubali kosa, na kwamba amechagua siku ambayo nusu ya kosa haikuwa yake. Mchungaji alianza kutabasamu, kisha akacheka, kisha akashindwa kujizuia, akamwita mkewe aje asikie kwamba walilipaka mafuta bati likiwa tumboni.

Fundi alitengeneza herufi upya, akasafisha, akabandika, na safari hii alilala na ufunguo wa duka chini ya mto. Jumapili iliyofuata Mchungaji alisimulia habari yote mimbarani, akajicheka mwenyewe zaidi ya alivyomcheka Fundi, na kutangaza kwamba kuanzia siku ile kibao kitatiwa mafuta kikiwa kimekamilika, tena kwa nyuma. Habari ilienea kuliko waraka wowote. Yule mgeni wa tarumbeta aliirudia kanisani kwake. Wachungaji wakaanza kuja Rinkeby mmoja mmoja, kila mmoja na chupa yake ndogo, na Fundi akaongeza kipengele katika mafunzo yake: ukipokea kazi ya kanisa, uliza kwanza nani ataomba, lini, na kwa mafuta gani. Vibao vyake vya makanisa vina doa mgongoni. Ukitaka kuhakiki, leta ngazi.

Akaacha Märsta. Nilihudhuria sherehe, nilikula, nilitoa hotuba ambayo iliombwa ifupishwe.

Kisha maisha yakafanya yanayofanya. Nilihamia upande mwingine wa mji, tukaonana mara chache, halafu tukaacha. Miaka kumi ya kwanza ya karne ilipita, na watu wakaanza kuagiza vibao kwenye mtandao. Unachora kwenye simu, kinakuja kwa posta. Nilisikia kwamba chumba cha Rinkeby kimefungwa. Mwingine aliniambia Fundi ameonekana kwenye treni ya asubuhi ya Märsta, na aliyeniambia alishusha sauti.

Basi asubuhi moja nilikuwa kwenye treni hiyo, nikienda kumpokea mgeni uwanja wa ndege, nikamwona. Alikuwa amekaa dirishani, ameongeza mvi, amevaa suruali ya kazi yenye mifuko. Katikati ya miguu yake kulikuwa na ndoo. Ndani ya ndoo kulikuwa na chupa ya kunyunyizia, vitambaa, na mpira wa kukaushia vioo. Nikaamini niliyoambiwa. Tulisalimiana kwa furaha ya kweli, akaniuliza kama nimekuwa profesa, nikamwambia bado, nami sikumuuliza chochote. Tulizungumza kuhusu magoti yetu.

Vituo viwili mbele akapanda mama mmoja Mrundi, na alipomwona alikaribia kumkumbatia na ndoo yake. Walikuwa wamefanya zamu pamoja miaka ile.

"Baba, umerudi!" alisema. "Niliwaambia. Niliwaambia atarudi, vibao havilishi mtu. Sasa mimi niko kwenye ile hoteli mpya ya karibu na uwanja, vioo toka chini mpaka juu. Nitasema na msimamizi akupange na mimi. Usione haya, baba, sisi sote ni wa ndoo."

Nilingoja. Mtu niliyemjua mimi angekuwa ameshasimama katikati ya behewa kujisifu. Fundi alimshukuru, akamuuliza habari za watoto, akasikiliza hadi Märsta kuhusu yule anayejibu kwa Kiswidi tu na yule anayetaka kuoa. Mimi nilitazama nje, nikaona miti mingi.

Tulishuka. Yule mama alikuwa ameshatutangulia hatua chache Fundi alipomwita.

"Mama. Ile hoteli yako. Vioo vya mulango ya mbele usivioshe mpaka juma lijalo."

"Kwa nini nisivioshe?"

"Herufi zitakuwa bado kushika sawasawa."

"Herufi gani?"

"Zangu. Ninaenda kuzibandika sasa. Jina ya hoteli, na zile za ndani zote, ghorofa kwa ghorofa."

Mama alimtazama yeye, kisha ndoo.

"Na hiyo?"

"Kioo kinabandikwa na maji na sabuni kidogo. Stika inateleza mpaka ikae pahali pake, njo unaisukuma maji itoke. Maji ikiwa baridi haikubali."

Mama akarudi zile hatua, akainama, akaichukua ndoo mkononi mwa Fundi, akaishika yeye.

"Basi twende," alisema. "Nikuoneshe maji ya moto yanatoka wapi."